Samaki wa Maloti: mkazi wa mito inayoinywesha Hillbrow

Johannesburg ni miongoni mwa majiji makubwa machache duniani ambayo hayakujengwa kando ya mto mkubwa, ziwa wala bahari. Lilijengwa juu ya dhahabu, na tangu siku zake za mwanzo limekuwa likitafuta maji mbali na nyumbani.

Mkazi wa Hillbrow, mtaa wa maghorofa ulio juu ya kilima karibu na kitovu cha jiji hilo, anapofungua bomba lake asubuhi, sehemu ya maji yanayotoka huwa imesafiri mamia ya kilomita. Yameanzia katika milima ya Maloti nchini Lesotho, yakapita chini ya milima hiyo ndani ya mahandaki, yakavuka mpaka na kuingia katika mito ya Afrika Kusini kabla ya kusukumwa na mitambo hadi kilimani hapo.

Katika mito ile ya milimani yalikoanzia anaishi samaki mdogo ambaye mara nyingi hafikii sentimita 15. Wataalamu humwita Pseudobarbus quathlambae, na kwa lugha ya kawaida hujulikana kama samaki wa Maloti. Leo hapatikani katika mto wowote nje ya Lesotho, na hata humo makazi yake yamepungua mno.

Masaibu yake yana uhusiano wa moja kwa moja na kiu ya Johannesburg, ingawa ni wachache mjini humo wanaolijua jina lake.

Kilima kisicho na mto

Hillbrow ipo juu ya safu ya vilima iitwayo Witwatersrand, jina ambalo kwa Kiafrikana lina maana ya ukingo wa maji meupe. Safu hiyo ndiyo inayoyagawa maji. Mvua inayonyesha upande wa kaskazini huelekea Mto Jukskei, kisha Crocodile, kisha Limpopo, na hatimaye Bahari ya Hindi. Ile ya kusini huingia katika mto Vaal na Orange, na kumalizikia katika Bahari ya Atlantiki.

Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1886, wachimbaji walikunywa maji ya chemchemi zilizokuwa chini ya vilima hivyo. Majina ya mitaa jirani na Hillbrow bado yanazikumbuka: Doornfontein na Braamfontein, ambamo neno "fontein" lina maana ya chemchemi.

Chemchemi hizo zilielemewa upesi. Mto Jukskei, ambao chanzo chake kiko karibu na uwanja wa michezo wa Ellis Park, ulifunikwa kwa zege na kufanywa mfereji wa chini kwa chini. Huchomoza tena kwenye mwanga katika eneo la Lorentzville, ukiwa umebeba taka za mjini, kisha hupita katika kitongoji cha Alexandra. Samaki anayehitaji maji safi hawezi kuishi katika sehemu hiyo ya mto.

Mwaka 1903 iliundwa taasisi ya maji ambayo leo inaitwa Rand Water, na macho yakaelekezwa kusini, kwenye Mto Vaal. Bwawa la Vaal lilikamilika mwaka 1938. Maji ya mto huo husafishwa karibu na mji wa Vereeniging, kisha husukumwa kupanda karibu mita 300 hadi kwenye vilima vya Johannesburg.

Hillbrow yenyewe ilibadilika sana katika kipindi hicho. Chini ya sheria za ubaguzi wa rangi ulikuwa mtaa wa Wazungu peke yao. Kuanzia miaka ya 1980 watu weusi walianza kuhamia humo hata kabla sheria hizo hazijafutwa, na baada ya mwaka 1994 ukawa makazi ya wahamiaji kutoka kila pembe ya Afrika. Kiswahili cha Lubumbashi na cha Goma husikika katika ngazi za maghorofa yake, sambamba na Kizulu, Kishona na Kifaransa.

Watu waliongezeka, nyumba zikajaa, na Mto Vaal nao ukaonekana hautoshi.

Roho ya mlimani

Mwaka ule ule wa 1938, Bwawa la Vaal lilipokamilika, mwanasayansi wa jumba la makumbusho la Cape Town, Keppel Harcourt Barnard, alichapisha maelezo ya samaki mpya kutoka mkoa wa Natal. Sadfa hiyo haikuwa na maana yoyote wakati huo.

Samaki huyo alipatikana katika Mto Umkomazana, chini ya njia ya mlimani iitwayo Sani. Barnard alimpa jina la milima yenyewe, Quathlamba, ambayo Wazulu huiita uKhahlamba na Wazungu Drakensberg.

Barnard alimweka katika kundi liitwalo Labeo. Kundi hilo si geni kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, kwani ndimo alimo ningu, samaki ambaye wavuvi wa Kisumu na Musoma walimfahamu vyema kabla ya nyavu zilizotegwa katika midomo ya mito hazijamfanya kuwa adimu.

Wataalamu waliofuata hawakuridhika na uamuzi huo. Mwaka 1967 Greenwood na Jubb walimtengea kundi lake pekee, Oreodaimon, jina la Kigiriki lenye maana ya roho ya mlimani. Ni jina lililomfaa, kwa sababu wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua kama bado yuko hai. Katika mto alikopatikana mara ya kwanza alikuwa ametoweka, na wengi waliamini kwamba ametoweka duniani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alionekana tena, safari hii upande wa pili wa milima, katika Mto Tsoelikana kusini mashariki mwa Lesotho. Uchunguzi uliofuata ulimwona katika mito mingine michache ya nchi hiyo, yote ikiwa matawi ya Mto Senqu, ambao ukishaingia Afrika Kusini huitwa Orange.

Miaka ya 1980 jina likabadilishwa tena. Mtaalamu wa samaki Paul Skelton alionyesha kwamba ni ndugu wa samaki wadogo wenye mapezi mekundu wa mito ya Rasi ya Tumaini Jema, na ndipo akaingizwa katika kundi la Pseudobarbus. Ndugu zake hao wako mamia ya kilomita kusini magharibi. Yeye amebaki peke yake juu ya milima.

Maisha katika maji baridi

Lesotho ni nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mito anayoishi samaki wa Maloti ni ya juu zaidi, yenye maji maangavu yanayokimbia juu ya mawe, kisha kutulia katika vidimbwi.

Wakati wa kiangazi samaki hawa huonekana kwa makundi katika vidimbwi hivyo, wakisubiri wadudu wanaobebwa na mkondo. Huo ndio msimu wa kuzaa pia. Majira ya baridi yakifika, kingo za mito huganda barafu, nao hujificha chini ya mawe hadi maji yapate joto tena.

Kiumbe aliyezoea maisha ya namna hiyo ana nguvu ya kustahimili mambo mengi: baridi kali, mafuriko ya ghafla, miezi ya njaa. Jambo ambalo hakuandaliwa kulikabili ni kuishi pamoja na samaki wakubwa kuliko yeye. Kwa muda mrefu sana maporomoko ya maji yalimtenga nao, kwani samaki wa chini hawawezi kuyapanda.

Ndiyo maana maporomoko yana umuhimu katika habari hii kuliko hata maji yenyewe.

Wageni wa kwanza

Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi wa Kiingereza huko Natal walitaka mchezo waliouzoea kwao, yaani kuvua kwa ndoano samaki aina ya trauti. Mayai yalisafirishwa kwa meli kutoka Ulaya, na vifaranga wakamwagwa katika mito ya milima ya Drakensberg. Baadaye ilifika zamu ya mito ya Lesotho.

Wasomaji wa Kenya wanalifahamu jambo hilo, kwa kuwa lilifanyika pia katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare mwaka 1905, na trauti wangalipo katika mito ya huko hadi leo.

Trauti ni mwindaji. Katika mto wenye vidimbwi vidogo na samaki wadogo wasiojua kujihami, hahitaji miaka mingi. Kutoweka kwa samaki wa Maloti katika Umkomazana huhusishwa na kuingizwa kwake, na nchini Lesotho pia ilionekana kwamba pale trauti alipofika, samaki wa Maloti alibaki juu ya maporomoko tu.

Kwa watu wanaoishi kando ya Ziwa Victoria hakuna haja ya maelezo marefu. Sangara aliingizwa ziwani humo katika miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Tofauti ni kwamba sangara alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni, hivyo hoja ina pande mbili. Katika vijito vya Maloti hapana kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya trauti.

Mkataba wa mwaka 1986

Wazo la kuyapeleka maji ya Lesotho katika eneo la migodi la Afrika Kusini lilikuwa la zamani, tangu enzi za ukoloni. Lilikwama mara kadhaa, na sababu mojawapo ilikuwa siasa.

Mnamo Januari 1986 serikali ya Chifu Leabua Jonathan, ambayo haikuwa na maelewano mema na utawala wa ubaguzi wa rangi, ilipinduliwa na jeshi baada ya Afrika Kusini kuibana Lesotho kwa kufunga mipaka. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo, serikali mpya ya kijeshi chini ya Jenerali Justin Lekhanya ilitia saini mkataba wa maji na Pretoria. Msomaji anaweza kuyaunganisha matukio hayo mwenyewe.

Mradi uliozaliwa ni mojawapo ya miradi mikubwa ya maji barani Afrika. Bwawa la Katse, lenye ukuta wa mita 185, lilijengwa katika Mto Malibamat'so. Kutoka hapo maji hupita katika handaki la kilomita 45 hadi Muela, ambako huzalisha umeme wa megawati 72 kwa ajili ya Lesotho, kisha huingia katika handaki jingine na kutokea katika Mto Ash karibu na mji wa Clarens. Mito ya jimbo la Free State huyafikisha katika Bwawa la Vaal.

Maji ya kwanza yalivuka mpaka mwaka 1998. Lesotho hulipwa mrabaha, na kwa nchi yenye njia chache za mapato fedha hizo si haba. Upande wa pili, mamia ya kaya zilihamishwa, mashamba mazuri ya mabondeni yakafunikwa, na vijiji vilivyo juu ya maziwa hayo mapya viliendelea kuteka maji katika chemchemi kwa ndoo. Mkuu wa zamani wa mamlaka iliyosimamia mradi, Masupha Sole, alihukumiwa kifungo mwaka 2002 kwa kupokea hongo za makampuni ya ujenzi ya nje, kesi iliyosifiwa kwa sababu nchi ndogo ilithubutu kuyashitaki na makampuni yenyewe.

Samaki wa Maloti hakutajwa sana katika mijadala hiyo hadi zamu ya bwawa la pili ilipofika.

Handaki lenye njia mbili

Bwawa hilo la pili ni Mohale, katika Mto Senqunyane. Ukuta wake una urefu wa mita 145 kwenda juu na lilizinduliwa rasmi Machi 2004. Limeunganishwa na Katse kwa handaki la kilomita 32.

Sehemu ya juu ya Senqunyane, pamoja na matawi yake Bokong na Jorodane, ilikuwa ngome kuu ya samaki wa Maloti. Chini yake yapo maporomoko ya Semongkoaneng, ambayo yaliwazuia samaki wakubwa kupanda. Vipimo vya chembe za urithi vilionyesha zaidi: samaki wa Maloti wamegawanyika katika koo mbili zilizotengana zamani, mmoja wa Mohale na mwingine wa mito ya mashariki. Kuupoteza ukoo wa Mohale kwa hiyo kusingefidiwa na wale wa mashariki.

Kuijaza Mohale maji kulifunika sehemu ya mito waliyoizoea, na hilo lilitarajiwa. Jambo lililowatia wataalamu wasiwasi zaidi ni handaki.

Katika Bwawa la Katse anaishi samaki wa manjano mwenye mdomo mdogo, Labeobarbus aeneus. Huyu si mgeni wa kutoka Ulaya. Ni mwenyeji wa mto Orange na matawi yake, anayependwa na wavuvi, na mtu hawezi kumlaumu kwa lolote. Kosa lake pekee ni kwamba hakuwahi kuwa juu ya Semongkoaneng.

Kwa kawaida maji hutoka Mohale kwenda Katse. Lakini handaki lilijengwa ili yaweze kwenda pande zote mbili, na Katse inapokuwa na maji ya ziada yanaweza kurudi Mohale. Kwa wahandisi huo ni uamuzi wa busara, kwa kuwa mabwawa mawili yanakuwa kama mitungi miwili iliyounganishwa. Kwa samaki ilikuwa ni kufunguliwa kwa mlango uliokuwa umefungwa tangu kale.

Onyo lilitolewa mapema. Mamlaka ya mradi iligharimia utafiti na mpango wa uhifadhi ambao Skelton na wenzake waliushughulikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadhi ya samaki wa ukoo wa Mohale walihamishiwa katika mito mingine iliyo juu ya maporomoko. Hatua hiyo inastahili kutambuliwa, maana miradi mingi ya aina hii haifiki hata hapo.

Hata hivyo samaki wa manjano aliingia Mohale, na kutoka bwawani akapanda mitoni. Mwaka 2017 jarida moja la kimataifa la uhifadhi wa viumbe wa majini lilichapisha matokeo ya watafiti waliopima hali ya mito hiyo. Walieleza kwamba idadi ya samaki wa Maloti ilikuwa imeporomoka kufuatia uvamizi wa samaki wa manjano.

Ni vyema kulizingatia jambo hilo. Samaki huyu hakuangamizwa na ukuta wa bwawa, wala na sumu, wala na wavuvi. Aliponzwa na maji kupewa njia mpya.

Funzo la Kihansi

Afrika Mashariki ina kisa kinachofanana na hiki. Katika korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa nchini Tanzania, chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliishi katika manyunyu ya maporomoko na hakupatikana kwingine popote. Aligunduliwa na wanasayansi katika miaka ya 1990, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa tayari unajengwa.

Maji yalipochepushwa mwaka 2000, manyunyu yalikatika. Vyura wapatao 500 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, wakazalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo hayupo tena katika mazingira yake ya asili, na mwaka 2012 wazao wa wale 500 walianza kurudishwa katika korongo lililowekewa mabomba ya kunyunyizia maji.

Benki ya Dunia ilikuwa miongoni mwa wafadhili wa miradi yote miwili. Tofauti kati ya visa hivyo ni kwamba chura wa Kihansi alipata umaarufu. Ni mzuri wa kutazama, picha zake zilienea, na Watanzania wengi waliopita shule wanamjua. Samaki wa rangi ya matope anayejificha chini ya mawe ya mto wenye barafu hana bahati hiyo.

Kuna tofauti nyingine, nayo ni nzito zaidi. Kihansi ilitakiwa kurudishiwa manyunyu, na mabomba yaliweza kuyarudisha kwa kiasi fulani. Mohale ingetakiwa kuondolewa samaki wa manjano, na katika bwawa la ukubwa ule hakuna anayejua njia ya kuwatoa.

Maji yanayovuja

Mwaka 1998, kabla Mohale haijaanza kujazwa, wakazi watatu wa Alexandra, kitongoji kile ambacho Jukskei hupita, walipeleka malalamiko kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Hoja yao haikuhusu samaki. Walisema kwamba kabla ya kujenga bwawa jipya, mabomba mabovu ya vitongoji vya Johannesburg yangerekebishwa kwanza, kwa kuwa maji mengi yalikuwa yakimwagika ardhini huku gharama za bwawa zikiangukia ankara za maskini.

Jopo halikupendekeza uchunguzi kamili, na ujenzi uliendelea.

Suala la ankara halikwisha. Mwaka 2003 jiji lilianza kufunga mita za malipo ya kabla katika eneo la Phiri, Soweto. Wakazi walikwenda mahakamani, na Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba iliamua dhidi yao, ikikubali kiwango cha bure cha lita 6,000 kwa kaya kwa mwezi kuwa si kinyume cha katiba.

Katika Hillbrow kiwango cha namna hiyo hakina maana sana, kwa sababu kaya haihesabiki kirahisi. Chumba kimoja hugawanywa kwa mapazia na kupangishwa kwa familia kadhaa, na yako majengo ambayo wenyewe waliyatelekeza zamani, mabomba yake yakivuja mchana na usiku bila mtu wa kuyaziba. Mpangaji wa ghorofa ya juu hupanda ngazi na ndoo huku ghorofa ya chini imejaa maji.

Kwa jumla zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayoingia katika mfumo wa Johannesburg hayalipiwi, na sehemu kubwa ya hayo hupotea kwa kuvuja. Lesotho hupeleka kiasi cha mita za ujazo milioni 780 kwa mwaka katika Mto Vaal. Maji hayo si ya Johannesburg peke yake, kwa kuwa mkoa mzima wa Gauteng huyatumia, lakini uwiano huo unatosha kumpa mtu la kufikiri.

Jambo hili lilipata mtihani wa ajabu hivi karibuni. Oktoba 2024 mahandaki ya Lesotho yalifungwa kwa takriban miezi 6 ili yakaguliwe na kukarabatiwa. Kulikuwa na hofu kwamba Gauteng ingekauka. Badala yake mvua za mapema mwaka 2025 zililijaza Bwawa la Vaal hadi milango yake ikafunguliwa kupunguza maji.

Bwawa lilikuwa limejaa, na bado katika mitaa mingi ya Johannesburg mabomba yaliendelea kukauka. Septemba 2025 wakazi wa Westbury na Coronationville waliandamana barabarani wakidai maji. Hoja ya wale watu watatu wa Alexandra, iliyowekwa kando mwaka 1998, haijazeeka.

Polihali na mito ya mashariki

Awamu ya pili ya mradi sasa inajengwa. Makubaliano yake yalitiwa saini Agosti 2011, na Mei 2023 Mfalme Letsie III na Rais Cyril Ramaphosa walizindua kazi ya bwawa jipya la Polihali katika wilaya ya Mokhotlong. Ukuta wake utazidi mita 160, na handaki la kilomita 38 litaliunganisha na Katse. Linatarajiwa kuanza kutoa maji kabla mwongo huu wa miaka haujaisha.

Polihali itakusanya maji ya Senqu ya juu na matawi yake, likiwemo Moremoholo, ambalo ni miongoni mwa makazi ya ukoo wa mashariki wa samaki wa Maloti.

Hapa tishio si lile lile la Mohale. Samaki wa manjano yuko tayari katika Senqu, na trauti vilevile, hivyo handaki halitaleta adui mpya. Swali ni nini kitatokea ziwa kubwa litakapotulia mahali pa mto unaokimbia, na samaki wakubwa wakapata humo mahali pa kuongezeka na kupanda vijitoni wakati wa kiangazi. Palipo na maporomoko juu ya usawa wa ziwa, samaki wa Maloti ana nafasi. Pasipo na maporomoko, kitakachomkinga ni kizuizi cha kujengwa na binadamu, na kizuizi cha namna hiyo huhitaji kuwekwa kabla maji hayajapanda.

Ukoo huo una kimbilio jingine. Mto Tsoelikana, ule alikoonekana upya mwanzoni mwa miaka ya 1970, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Sehlabathebe, kwenye mpaka wa Lesotho na KwaZulu-Natal. Mwaka 2013 hifadhi hiyo iliunganishwa na ile ya upande wa Afrika Kusini katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa jina la Maloti-Drakensberg.

Ndani ya hifadhi kuna maporomoko. Trauti wako chini yake, samaki wa Maloti wako juu, na hakuna bomba wala handaki linalounganisha sehemu hizo mbili za mto.